Somo la muziki darasa la 7 na la 8: liko kwenye ratiba, lakini nani analifundisha?

Kila Septemba, mwaka wa shule unapoanza, ratiba ya darasa la 7 na la 8 hubandikwa ukutani na somo la muziki huonekana humo. Wiki chache baadaye, katika shule nyingi za mashariki mwa Kongo, saa hiyo huwa imekwisha kupewa hesabu au Kifaransa, ama wanafunzi wanaachwa waimbe wimbo wanaoujua tayari mpaka kengele ilie. Mwisho wa muhula, pointi zinaandikwa kwenye bulletini kama kawaida.

Hasara yake haionekani haraka, kwa sababu Kongo haikosi muziki. Rumba ya Kongo iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni wa binadamu tarehe 14 Desemba 2021, kwa ombi la Kongo-Kinshasa na Kongo-Brazzaville. Hata hivyo, mtoto wa miaka 13 wa Uvira, Butembo au Kalemie anaweza kumaliza elimu ya msingi bila mtu yeyote shuleni kumweleza namna magita ya rumba yanavyogawana kazi, wala kumfundisha kusoma mstari mmoja wa wimbo asioujua.

Swali linalowahusu wazazi na wakuu wa shule ni hili: je, somo hili linakufa kwa kukosa pesa na vyombo, au kwa sababu hakuna anayeliulizia?

Sheria inasema nini

Sheria namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu elimu ya taifa iliweka elimu ya msingi ya miaka 8: miaka 6 ya primeri, kisha darasa la 7 na la 8. Zamani madarasa hayo mawili yalikuwa mwanzo wa sekondari. Wanafunzi wake wana miaka kama 12 hadi 14. Muziki uko katika uwanja wa sanaa, pamoja na uchoraji.

Lengo lake ni la jumla. Halimtayarishi mtoto kuwa mwanamuziki, kama vile somo la jiografia halimtayarishi kuwa rubani. Linampa kila mtoto, mwenye sauti nzuri na asiye nayo, vitu vinne: kuimba na wenzake bila kupotea, kushika mapigo, kusikiliza na kueleza alichosikia, na kutunga kitu kidogo chake mwenyewe.

Baada ya darasa la 7 na la 8, wanafunzi wengi hugawanyika: wengine wanakwenda ualimu, wengine ufundi, biashara au sayansi, na wengine wanaacha shule kabisa. Kwa hiyo miaka hiyo miwili ndiyo nafasi ya mwisho ya kuwapata wote pamoja.

Kwa nini saa inapotea

Sababu ya kwanza ni mtihani. Mwisho wa darasa la 8 mwanafunzi anafanya TENASOSP, jaribio la taifa la kuchagua na kuelekeza. Ni jaribio la kuandika, na hakuna anayesikilizwa akiimba. Prefe anayepimwa kwa idadi ya waliofaulu anajua saa ya kukopa iko wapi. Mzazi pia anapopokea bulletini hutazama kwanza hesabu na Kifaransa.

Sababu ya pili ni mwalimu. Nafasi za kusomea muziki ni chache, na shule kubwa inayojulikana zaidi, Institut National des Arts, iko Kinshasa, mbali sana na Kivu, Tanganyika na Ituri. Shuleni kwetu, somo la muziki hupewa mwalimu ambaye saa zake hazijatimia, awe wa historia au wa biolojia. Anapewa somo, hapewi mafunzo. Akikosa la kufanya, anaamuru wanafunzi waimbe au anawaandikisha maneno ya kukariri: noti ni nini, mwimbo ni nini, ala ni nini. Mtoto anaweza kupata pointi nzuri katika muziki huo bila kufungua kinywa mwaka mzima.

Sababu ya tatu ni hali ya mwalimu mwenyewe. Tangu Septemba 2019 serikali imefuta malipo katika shule za primeri za umma, lakini katika darasa la 7 na la 8 wazazi wa shule nyingi wanaendelea kulipa. Mishahara ilileta mgomo hata Septemba 2024, masomo yalipokuwa yanaanza. Kisha vita vikafika mijini. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Benki zilifungwa, na walimu wengi walihangaika kupata mshahara wao. Mwalimu anayetafuta chakula cha jioni hawezi kulaumiwa peke yake kwa saa ya muziki iliyopotea.

Kanisa limejaza pengo, lakini si kwa wote

Ukitafuta mahali ambapo vijana wa Kongo wanajifunza muziki kwa utaratibu, unaishia kanisani. Parokia na makanisa ya Kiprotestanti yana kwaya za watoto, za vijana na za akina mama. Mwalimu wa kwaya anaandika ubaoni herufi za solfa, d, r, m, f, s, l, t, na sauti nne zinajifunza kila moja sehemu yake. Wengi wa waimbaji hao hawajawahi kugusa piano.

Mfano mkubwa uko Kinshasa. Orchestre Symphonique Kimbanguiste ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, rubani aliyekuwa amekosa kazi. Wanamuziki wake wa kwanza walipokezana violini chache. Leo orkestra hiyo inajulikana nje ya Afrika, na filamu kuihusu, Kinshasa Symphony, ilitoka mwaka 2010.

Lakini kanisa linafundisha kwa ajili ya ibada yake, na lina haki hiyo. Mtoto Mwislamu wa Kasongo au wa Nyangwe hawezi kuambiwa akajifunze muziki kwenye kwaya ya parokia. Wala anayefanya kazi sokoni Jumamosi, siku ya mazoezi, hatakuwa humo. Kwaya pia huchagua wenye sauti. Shule ya umma ndiyo peke yake inayopaswa kumpokea kila mtoto.

Katanga ilikwisha kufanya

Mashariki na kusini mwa nchi kuna kumbukumbu ya wakati ambapo muziki wa shule ulikuwa na uzito. Kule Kamina, padri Mfransiskani kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, aliunda kikundi cha wavulana wapatao 45 na walimu wapatao 15 wa shule. Machi 1958 waliimba Missa Luba: maneno ya misa ya Kilatini juu ya nyimbo na ngoma za nyumbani. Sehemu kubwa ilitungwa kwa kuimba pamoja na kujibizana, bila kuandikwa kwanza. Mwaka huohuo kikundi kilizunguka Ulaya.

Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilikuwa na Joseph Kiwele, mtunzi na mwalimu wa muziki. Mwaka 1960 alikuwa waziri wa elimu katika serikali ya Katanga iliyojitenga, akafariki mwaka 1961. Lolote mtu analofikiri kuhusu siasa ya wakati ule, mwalimu wa muziki aliweza kufika kwenye kiti cha elimu.

Nje ya shule alikuwepo Mwenda Jean-Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, sasa Likasi, mwaka 1952. Alipiga gita kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, huku akiimba Kiswahili.

Mifano hiyo isitudanganye. Shule za misioni za wakati ule zilichagua wanafunzi wachache, na mkoloni ndiye aliyepanga nani asome na kwa muda gani. Kinachobaki kuwa funzo ni njia: watoto wa Kamina walianzia kwenye muziki walioujua tayari, na walimu wao wakapiga ngoma pamoja nao.

Saa moja, watoto 60, bila piano

Pingamizi linalorudi kila mara ni kwamba hakuna vyombo. Lakini kazi nyingi za somo la jumla zinahitaji sauti, mikono na ubao tu.

Solfa inafaa hapa, kwa sababu do inaweza kuanzia popote sauti za darasa zinapofika. Mwalimu anaweza kuanza na noti tatu, d, m na s, akionyesha kwa mkono kila moja iko juu kiasi gani. Wiki zinazofuata anaongeza nyingine. Mwisho wa muhula wa kwanza, wanafunzi wanaweza kusoma wimbo mfupi wasioujua.

Katika mapigo, nusu ya darasa inapiga makofi mawili na nusu nyingine matatu katika muda uleule, kisha wanabadilishana. Ndiyo msingi wa ngoma nyingi za kwetu, na mwalimu wa hesabu atatambua humo sehemu zake.

Katika kusikiliza, simu moja na spika ndogo vinatosha. Rumba ina gita la solo, la mi-solo, la kusindikiza na la besi. Kundi moja la wanafunzi linafuata gita moja mpaka sebene ianze, halafu linaeleza lilichofanya. Kazi hiyo inaweza kufanywa pia na lulanga ya Bashi, endara ya Wanande au likembe. Mzee anayejua kupiga chombo hicho anaweza kualikwa darasani kabla hajaondoka nacho.

Kuna jambo moja ambalo mwalimu asiyefundishwa hulikosa, na linaumiza. Katika umri huu sauti ya mvulana inavunjika: koo linakua, sauti inashuka kama oktava moja, na kwa miezi kadhaa haitii. Wengi hukoroma, wenzao wanacheka, mwalimu anawaambia wanyamaze, nao hawaimbi tena. Dawa ni rahisi: wimbo wenye noti tano au sita tu, sehemu ya chini kwa wanaoweza, na kutomlazimisha mtoto kuimba peke yake mbele ya darasa. Pointi zitolewe kwa alichojifunza, wala si kwa uzuri wa koo lake.

Nani aanze?

Wapo watakaosema kwamba watoto waliokimbia vita wanahitaji kwanza kusoma na kuhesabu. Hoja hiyo ina uzito, na hakuna anayeomba hesabu ipunguzwe. Swali ni kuhusu saa ambayo tayari iko kwenye ratiba na tayari inapewa pointi. Katika darasa ambamo waliokuja kutoka Masisi wameketi na wenyeji, na lugha za nyumbani ni tano au sita, kuimba kwa sehemu mbili ni kazi ambayo haiwezekani mpaka kila mtu amsikilize wa pembeni yake. Wizara inayoitwa sasa ya Elimu ya Taifa na Uraia Mpya haina budi kuona kwamba somo hili linaihusu.

Hatua ya karibu iko mikononi mwa shule yenyewe. Prefe anaweza kuangalia miongoni mwa walimu wake nani anaongoza kwaya Jumapili, kwa kuwa mara nyingi yupo, na kumpa saa za muziki za madarasa yote badala ya kuzigawa kwa waliokosa saa. Wakaguzi wanaweza kuuliza jambo moja wanapotembelea darasa la 7: watoto wasome wimbo mfupi ulioandikwa ubaoni. Na shule za ualimu, ambazo ziko katika kila jimbo, zinaweza kurudisha kuongoza nyimbo kama ufundi wa kila mwalimu.

Malipo ya walimu yatabaki kuwa kazi ya serikali, na bila hayo mipango hii itasimama juu ya moyo wa watu wachache. Wakati huo, mzazi anayepokea bulletini anaweza kufanya kitu kisichogharimu franka hata moja. Akiona pointi za muziki, amwombe mtoto aimbe alichojifunza. Mtoto akikosa cha kuimba, mzazi ana haki ya kwenda shuleni kuuliza pointi hizo zilitoka wapi.