Staa kapeleka matumbawe Isingiro, mnacheka nini?

Wiki nzima ni kicheko tu mtandaoni. Staa mmoja (jina tunalo, linabaki kapuni) kajenga kwao Isingiro, Kyerwa, na sebuleni kaweka tangi la samaki wa baharini lenye matumbawe hai. Watu hawana dogo: bahari iko zaidi ya kilomita 1,000, huko kwenye migomba matumbawe yanatafuta nini? Wengine hata ramani imewashinda, wanadhani ni ile Isingiro ya Uganda, ng'ambo ya Mto Kagera.

Jamani, mnamcheka kwa jambo alilopatia.

Kwenye tangi kama lile kinachoua haraka ni joto. Matumbawe ni wanyama, siyo mawe ya pambo. Ndani yao unaishi mwani mdogo sana unaowatengenezea chakula kwa mwanga. Maji yakizidi joto wanaufukuza mwani, wanabaki weupe pee, na joto lisiposhuka wanakufa njaa. Mwaka 1998, El Niño ilipopasha Bahari ya Hindi, matumbawe mengi ya Mafia, Zanzibar na Kenya yalikufa hivyo hivyo. Yale ni bahari nzima, sembuse lita 200 sebuleni kwako!

Lenga nyuzi 25 au 26, na usiruhusu zicheze zaidi ya moja kwa siku.

Sasa njoo kwa yule mwingine wa Masaki, ambaye hakuna anayemcheka. Tangi liko dirishani, AC inawashwa wageni wakija. Dar ya Februari chumba kinafika nyuzi 31, juu yake kuna taa na pampu, navyo vinapasha maji. Atahitaji mashine ya kupozea, ambayo ni ghali, inakula umeme na inatema joto mle mle chumbani. Feni ya kupuliza juu ya maji husaidia, ila kwa unyevu wa Dar hata jasho lako halikauki, maji yatapoa kiasi gani? Tena yanayopotea ni maji, chumvi inabaki. Ukijazia maji ya chumvi tena, umewakaanga kwa njia nyingine. Unajazia yasiyo na chumvi wala klorini.

Isingiro iko juu kuliko Ziwa Victoria, ambalo lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na usiku baridi inaweza kushuka mpaka nyuzi 15 hivi. Huko kazi ni kupasha, na kupasha ni rahisi mno kuliko kupoza. Tangi la lita 200 litataka hita za wati 200 mpaka 300 kwa jumla. Nunua mbili ndogo, usinunue moja kubwa. Hita ikiharibika huwa inagoma kuwaka au inagoma kuzima. Zikiwa mbili, moja pekee haina nguvu ya kuwachemsha, na ikifa, nyingine inashikilia. Weka na kipimajoto cha pembeni, usiamini namba iliyoandikwa kwenye hita.

Ninapomkaba huyu staa wetu ni kwenye umeme, na kwenye yeye mwenyewe. Kagera kwa miaka mingi imetegemea umeme wa kutoka Uganda, na wa kwetu mnajua kukatika kwake. Ukikata saa 2 usiku mpaka alfajiri, maji yanashuka nyuzi kadhaa, na pampu zikisimama samaki wanakosa hewa hata kabla ya baridi kuwafikia. Inveta na betri ndiyo kitu cha kwanza kununua, kabla hata ya samaki. Visipotosha, pampu ndogo ya hewa ya betri na blanketi nene la kufunika tangi.

Na nani atafunika? Bosi karudi mjini kurekodi. Amebaki kijana wa kuangalia nyumba, aliyeajiriwa kwa ajili ya migomba na kahawa, ambaye nina uhakika hakuna aliyemwambia 26 ni namba ya nini. Kikiharibika kitu, ataulizwa yeye, na mshahara utakatwa wa kwake. Mfundishe, mwongezee hela, mwachie namba ya fundi. Na bando umnunulie wewe, maana picha ya kipimajoto haiji WhatsApp kwa miujiza.