Kinjeketile Si Somo la Tarehe

Wacheni kutuambia eti tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), inatukumbusha Vita vya Maji Maji. Tarehe, 1905 hadi 1907, ziko kwenye kitabu cha historia. Tena Hussein mwenyewe alionya kwamba huyu Kinjeketile wake ni wa kubuni. Soma mwisho: maji hayakuzuia risasi, watu wamekufa, naye kifungoni anatakiwa ayakane. Anakataa! Akiyakana, watoto wataambiwa kupigana kulikuwa kosa. Kumbukumbu hapo ni ugomvi juu ya nani atawasimulia. Hapa Usenge, karibu na Got Ramogi, kila mzee ana Ramogi wake na anamtetea. Halafu mwalimu anataka tukariri “dhamira ya kumbukumbu”, alama mbili, tufunge kitabu.