Mita Moja, Familia Nne

Bei ya stima nchini hukadiriwa kana kwamba kila mita ni nyumba moja, na hapo ndipo dhuluma inapoanzia. Viwango vilivyoidhinishwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli mwaka wa 2023 viliwagawa wateja wa nyumbani katika makundi matatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wasiozidi 100, na wanaopita 100. Kundi likipanda, bei ya uniti nayo hupanda. Nia ilikuwa kumkinga mnyonge. Je, mnyonge wa mjini huishi wapi? Huishi katika chumba cha kupanga, akichangia mita na majirani. Familia nne zikitumia uniti 28 kila moja (taa, runinga, simu, na pasi kwa nadra), mita husoma 112. Wote hutiwa katika kundi la mwenye jiko la umeme! VAT nayo, kwa kuwa ni asilimia, huongezeka papo hapo. Wapo watakaosema mwenye ploti ndiye wa kuomba mita za ziada. Kwa nini aombe, ilhali anayelipa si yeye? Mpangaji na aruhusiwe kuomba mita yake mwenyewe.