Mdhamini au Mshika Amana? Tatizo la Istilahi Katika Sheria

Mwanafunzi asomaye sheria kwa Kiswahili hukutana na neno mdhamini katika mahali pawili, na kila mahali lina maana yake. Katika kesi ya jinai, mdhamini ni yule amwekeaye mshtakiwa dhamana. Mshtakiwa akitoroka, yeye hudaiwa fedha aliyoiahidi. Katika bodi ya wadhamini ya msikiti, kanisa au chama, mdhamini ni yule aliyekabidhiwa mali ili aishike kwa faida ya wengine. Istilahi moja imebebeshwa dhana mbili.

Tofauti iliyopo baina ya dhana hizo si ndogo. Wajibu wa mdhamini wa kwanza hulala mpaka mwenziwe ashindwe, nao hulipwa kwa mali yake mwenyewe. Wajibu wa wa pili huanza siku ile anapopokea mali. Kwa mujibu wa sheria ya Kiingereza, ambayo Tanzania na Kenya ziliirithi, mali huwa yake kwa jina, lakini manufaa ni ya mnufaika. Haruhusiwi kuichanganya na mali yake wala kujichumia faida kwayo. Aidha, tangu shauri la Knight dhidi ya Knight la mwaka 1840, hushurutishwa yakini tatu: yakini ya nia, ya mali na ya wanufaika. Hakuna hata moja kati ya hizo inayodokezwa na neno mdhamini.

Madhara ya mkanganyiko huu hayaishii darasani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatamka kwamba ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, nayo imewekwa mikononi mwa Rais kwa niaba ya raia wote. Raia akielezwa kuwa Rais ni mdhamini wa ardhi, atauliza: anamdhamini nani, na kwa deni gani? Akielezwa kuwa ameshikishwa amana, atauliza swali lililo sahihi: je, amana inatumika kwa faida ya wenyewe? Na kwa kuwa marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, swali hilo sasa ni la hakimu pia.

Yapo mapingamizi. Amana ya kawaida haihamishi umiliki: aliyeweka kitu kwa jirani hubaki mwenye kitu. Amana ya benki nayo ni deni tu. Hata mtawalii wa wakfu si mmiliki wa mali anayoisimamia. Hoja hizi ni za kweli, lakini kasoro yake hutibika kwa fasili ya sentensi moja, kwani kiini cha wajibu, yaani kutokula cha mwenzio ulichokabidhiwa, kimo tayari ndani ya neno amana. Kasoro ya mdhamini imo katika kiini chenyewe.

Zanzibar imekwisha kuonyesha njia kwa kuiita taasisi yake Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Yafaa basi watunga kamusi za sheria wamwachie mdhamini dhamana yake, na mwenye kushika mali ya wengine aitwe mshika amana. Msemaji wa Kiswahili, hata asiyeingia darasa la sheria, anajua aibu ya kuihini amana.