SUKARI INAKATWA KWA KISU? NGOJA NIKUPE NA MAPANKI YAKE!

Kaa mkao wa kula, maana leo nakuja na stori ya tumboni. Wale wa mambo ya mapenzi mnivumilie, wiki ijayo tutarudi kwenye uwanja wetu.

Kuna maneno yanatembea hapa mjini, kuanzia Makoroboi hadi Mwaloni Kirumba, kwa kasi kuliko daladala za Igoma. Eti kisukari siku hizi si ishu. Unalazwa, unakatwa utumbo kidogo, unashonwa, kesho yake unateremsha soda yako kama kawaida. Kuna jamaa wanaapa kabisa!

Sasa mimi si daktari, elimu yangu ni ya sekondari na kalamu. Lakini nimefukunyua, na nakwambia maneno hayo si uzushi mtupu. Tatizo ni kwamba yamefanywa kama sangara wa kiwandani: mnofu umekwenda vijiweni, mapanki yameachwa. Leo nakuletea yote.

Tuanze na utumbo wenyewe. Wengi tunadhani ni bomba tu, chakula kinaingia huku kinatokea kule. Wapi! Mwaka 1964 watafiti walionyesha jambo la ajabu. Mtu akipewa sukari kwa kuinywa, mwili unatoa insulini nyingi kuliko akipewa sukari kwa dripu kwenye mshipa. Maana yake nini? Utumbo ukishaonja kile chakula, unatuma ujumbe kwenye kongosho, ile tezi inayotengeneza insulini. Wajumbe hao ni homoni, na maarufu zaidi inaitwa GLP-1, ambayo kwa wingi inatoka sehemu ya chini ya utumbo mwembamba. Ni kama konda anayegonga bati la daladala: "Suka, mzigo umeingia, twende!" Kongosho nayo inaachia insulini, sukari inatoka kwenye damu na kuingia kwenye misuli.

Haya, kisu kinaingiaje hapo? Madaktari wa upasuaji walikuwa wanatafuta njia ya kuwapunguza watu wanene kupita kiasi. Wakawa wanabakiza kimfuko kidogo cha tumbo, kadogo kama yai, halafu wanakata utumbo mwembamba na kuuunganisha kwenye kile kimfuko. Chakula kinaruka sehemu ya mwanzo ya utumbo na kuwahi kule chini. Nia ilikuwa kilo tu. Lakini mwaka 1995 daktari Walter Pories na wenzake wa Greenville, North Carolina, Marekani, waliandika kwamba katika wagonjwa wao 146 wenye kisukari cha ukubwani waliofuatiliwa vizuri, 121 walibaki na sukari ya kawaida. Loh! Na kilichowashangaza wataalamu ni kwamba kwa wengi sukari ilishuka ndani ya siku chache, kabla hata mtu hajapungua mwili.

Sababu? Moja, siku zile za mwanzo mgonjwa anakula vijiko vichache tu. Mbili, chakula kinapowahi kule chini, konda wetu GLP-1 anagonga bati kwa nguvu kuliko zamani. Kila sababu ina uzito gani, hapo wataalamu bado wanavutana.

Huo ndio mnofu. Sasa mapanki.

Huko huko Marekani, mji wa Cleveland, wagonjwa 150 waligawanywa makundi matatu: wa dawa peke yake, wa kuunganishwa utumbo, na wa kupunguzwa mfuko wa tumbo. Matokeo ya mwaka mmoja yalitoka 2012. Waliofikia shabaha ya sukari iliyowekwa ni asilimia 12 kwa wa dawa, 42 kwa wa kuunganishwa utumbo na 37 kwa wa kupunguzwa tumbo. Baada ya miaka mitano zikawa 5, 29 na 23. Umeona mwenyewe? Kisu kiliishinda dawa, hilo halina ubishi. Lakini wengi waliokatwa nao hawakufika pale, na baadhi waliofika waliteleza tena. Wenye nafuu zaidi huwa ni wale ambao ugonjwa haujakaa nao miaka mingi na hawajafika kwenye sindano za insulini.

Halafu kuna bili ya baadaye. Utumbo ulioruka sehemu haunyonyi vizuri madini ya chuma na vitamini B12, kwa hiyo vidonge vya virutubisho ni vya maisha. Na ile soda ya vijiweni? Mtu wa namna hiyo akiifakamia anaweza kutokwa jasho, moyo ukamwenda mbio, na baada ya saa moja au mbili sukari ikashuka hadi akaona kizunguzungu. Starehe gani hiyo?

Tena si ya kila mtu. Mwaka 2016 vyama 45 vya kitaalamu duniani viliukubali upasuaji huu kuwa tiba ya kisukari cha aina ya 2, hasa kwa wenye unene mkubwa. Mfano, mtu wa kimo cha mita 1.60 mwenye kilo 90 na sukari iliyogoma kushuka kwa dawa, huyo anaweza kufikiriwa. Yule kijana mwembamba mwenye kisukari cha aina ya 1 hahusiki. Kongosho yake haitengenezi insulini. Konda atagonga bati hadi mkono uvimbe, dereva hayupo! Huyo akiacha sindano, ni hatari ya siku chache tu.

Pia tusichanganye mafaili. Lile puto la kupunguza uzito ambalo Hospitali ya Mloganzila kule Dar ilianza kuliweka mwaka 2022 ni kitu kingine. Linakaa ndani ya mfuko wa tumbo kwa muda, hakuna utumbo unaokatwa.

Na hapa kwetu Mwanza, utumbo unakatwa sana tu, ila kwa mambo mengine. Madaktari wa Bugando waliandika mwaka 2012 kuhusu wagonjwa 104 ambao taifodi iliwatoboa utumbo. Kule kisu ni cha kuokoa roho, hakuna anayetoka amepona kisukari. Kinyume chake, upasuaji wowote unaushtua mwili na sukari inapanda, na sukari iliyopanda inachelewesha kidonda kufunga. Kwa hiyo kama mzazi wako ana kisukari na anakwenda kupasuliwa, iwe ngiri au kidole tumbo, daktari aambiwe mapema, na dawa zote anazomeza zitajwe moja moja. Usione haya.

Kwa nini nimekomaa na hii stori? Maana kuna mama mmoja mtaani kwetu alizisikia hizo habari za kisu akazipenda mno. Akaweka vidonge kabatini, akaanza kukusanya mshiko wa operesheni ambayo hakuna daktari aliyemwandikia. Miezi ikapita. Siku moja kiatu kikamchubua kidole cha mguu, hakusikia maumivu, na kilipoanza kunuka ndipo watoto wakamkimbiza hospitali. Kisu alikipata, bwana. Lakini hakikwenda kwenye utumbo, kilikwenda kwenye kidole.

Utafiti wa nchi nzima wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Hesabu abiria wa Hiace moja, hukosi mmoja. Kwa hiyo mshikaji, wiki hii mpeleke mzee au bi mkubwa akapime, na wewe mwenyewe nyoosha kidole. Aliyeko kwenye dawa aendelee na dawa. Anayetamani kisu akamuulize daktari wa kliniki yake, siyo muuza kahawa. Na chipsi za kila usiku tuzipunguze, ugali wa dona na sato wa kuchemsha havijamtia mtu aibu.

Ukisikia mtu anauza mnofu mtupu, muulize mapanki yako wapi. Tukutane wiki ijayo, inshallah!