Ya Marekani kwa sauti, ya kwetu kwa mnong'ono



Katika tafakari ya juma hili tunapenda kutazama jambo ambalo kila mmoja wetu anaweza kulishuhudia akipita kwenye mabaraza ya kahawa, tangu Dunda na Magomeni hapa Bagamoyo hadi Bunju na Tegeta. Siasa za Marekani zinajadiliwa kwa sauti kubwa. Wako wanaomtetea Rais Donald Trump, wako wanaowatetea Wademokrati, na ubishi unakwenda mpaka kahawa inapoa. Mwishowe wanacheka, wanalipiana na kuagana. Lakini akitokea mtu akagusa siasa za Tanzania, sauti zinashuka. Mmoja anatazama nyuma yake, mwingine anakumbuka kuwa ana shughuli nyumbani, na baraza linavunjika.

Tunajiuliza, kwa nini? Wengi hujibu kwamba ya Marekani hayatugharimu kitu. Jibu hilo halitoshi. Mwaka 2003 Rais George W. Bush, wa chama cha Republican, alianzisha mpango wa kupambana na UKIMWI uitwao PEPFAR, na Bunge la Marekani likaupitisha kwa kura za vyama vyote viwili. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 15 zilizopewa kipaumbele tangu mwanzo. Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya huko ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya, na huduma nyingi zilizotegemea fedha hizo zikatikisika. Ugomvi wa Washington unafika hadi kwenye rafu ya dawa ya zahanati. Ya Marekani yanatugharimu, ila hayatutishi. Hakuna anayeogopa kukamatwa, kunyimwa kazi au kususiwa harusi ya mwanawe kwa sababu ya kumtetea Mdemokrati.

Wamarekani wenyewe hugawanywa katika mrengo wa kushoto na wa kulia. Majina hayo yalizaliwa Ufaransa mwaka 1789, pale waliotaka mfalme awe na kura ya turufu walipoketi upande wa kulia wa ukumbi, na waliompinga upande wa kushoto. Kushoto na kulia, basi, vilikuwa viti vya ukumbi mmoja. Miaka michache baadaye, watu wa ukumbi huo walikuwa wakipelekana kukatwa vichwa. Huko Marekani nako damu imemwagika pande zote mbili: tarehe 14 Juni 2025 mbunge wa Kidemokrati wa jimbo la Minnesota, Melissa Hortman, aliuawa pamoja na mumewe, na tarehe 10 Septemba mwaka huo huo mwanaharakati wa mrengo wa kulia, Charlie Kirk, akapigwa risasi na kufa akiwa anajadiliana na wanafunzi huko Utah. Mtu aliuawa akiwa katika mjadala. Wenye kushabikia ubishi wa Marekani kama mpira wa miguu wanapaswa kulitafakari hilo.

Hata hivyo hatuna haja ya kwenda mbali. Ng'ambo ya mkondo huu wa bahari iko Zanzibar, na ndugu zetu wa huko wamelipitia jambo hili kwa uchungu. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1957 watu walianza kususiana kwa sababu ya vyama: duka la huyu haliingiwi na yule, basi la huyu halipandwi na yule, na hata maziko yakasusiwa. Juni 1961, siku ya uchaguzi na siku zilizofuata, watu 68 waliuawa. Vyama vingi viliporejea, na uchaguzi wa mwaka 1995 ukapita, kule Pemba tabia ile ile ya kususiana ilirudi, maziko yakiwemo. Tarehe 27 Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi, na watu zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni, nchini Kenya.

Tazameni mpangilio wa mambo. Damu haikutangulia. Kilichotangulia ni watu kuacha kuzikana. Jirani anayekataa kuubeba mwili wa jirani yake amekwisha kumtoa katika hesabu ya watu. Mengine yanayofuata ni suala la muda tu.

Na uponyaji ulianzia wapi? Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana ana kwa ana na kuzungumza. Kutokana na mazungumzo hayo, wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010, na asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Uchaguzi wa mwaka huo ulipita kwa utulivu ambao wazee wengi hawakuutegemea. Tunajua pia kwamba mwaka 2015 matokeo ya uchaguzi wa Zanzibar yalifutwa, maridhiano yakavunjika, na ikabidi kuanza tena mwaka 2020. Maridhiano ni kama paa la makuti: mvua zikipita, yanahitaji kuezekwa upya.

Sisi wa Bara tulizoea kuyatazama hayo kama mambo ya Visiwani. Tarehe 29 Oktoba 2025 ilitunyang'anya faraja hiyo. Uchaguzi ulifanyika CHADEMA wakiwa hawamo, na mwenyekiti wao, Tundu Lissu, akiwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Maandamano yakazuka, watu wakauawa, intaneti ikakatwa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Novemba Serikali iliunda tume ya uchunguzi. Katika familia zetu, hata katika jumuiya zetu ndogo ndogo za Kikristo, wapo waliompoteza mtu wao wa karibu, na wapo walioona mali zao zikiteketea. Wote hao huketi katika benchi moja siku ya Dominika, wakipeana mkono wa amani bila kutazamana machoni.

Wako wanaotushauri kwamba dawa ni kunyamaza: Kanisani tusali tu, siasa tuwaachie wenyewe. Tunauheshimu wasiwasi wao, lakini kunyamaza si amani. Mnong'ono nao ni maneno, tena ni maneno yasiyojibiwa, na kwa hiyo hukua bila kusahihishwa. Wako wengine wasemao kwamba hakuna cha kuzungumza na mtu anayetetea mauaji, au na mtu aliyechoma mali za watu. Hao nao tunawaelewa. Kumwambia mfiwa "tuyasahau, tuzungumze" bila kumtafutia ukweli ni kumwongezea jeraha. Mazungumzo hayachukui nafasi ya haki. Lakini haki nayo haipatikani mahali ambapo hakuna anayethubutu kumwambia mwenzake alichokiona.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulikubali kwamba waamini wenye nia njema kabisa wanaweza kutofautiana kuhusu mambo ya dunia, na ukakataza mtu yeyote kuyapa maoni yake mwenyewe mamlaka ya Kanisa. Mifano ni ya tangu zamani. Miongoni mwa wale Thenashara alikuwemo Mathayo, mtoza ushuru, ambaye wengi walimhesabu kuwa kibaraka wa watawala, na alikuwemo Simoni Zelote, ambaye jina lake linakumbusha watu waliouchukia utawala wa Roma. Injili haisemi kwamba walikubaliana katika siasa. Inatuonyesha kwamba waliketi meza moja.

Tufanye nini basi? Kwanza, tujadili jambo badala ya kujadili kambi. Chukueni bandari yetu ya Bagamoyo. Mwaka 2013 makubaliano yalitiwa saini na Wachina. Oktoba 2015 Rais Jakaya Kikwete aliweka jiwe la msingi. Mwaka 2019 Rais John Magufuli aliyakataa masharti yake hadharani. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kufufua mazungumzo. Marais watatu, chama kimoja, misimamo tofauti. Bahari ya Mbegani ilikuwa ile ile, lakini tuliwasikia watu wakibadili maoni kila alipobadilika msemaji. Anayependa haki huuliza: fidia ya ardhi ni kiasi gani, mvuvi atavua wapi, mkataba ni wa miaka mingapi?

Pili, walio wengi wawasikilize walio wachache. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali iliwakuta Watanzania karibu 80 katika kila 100 wakitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo ilipendekeza vyama vingi, kwa kuwa wale 20 nao ni wananchi. Anayetaka kumjibu mwenzake barazani, kwanza aieleze hoja ya mwenzake mpaka mwenyewe akiri: "Naam, ndivyo nilivyosema."

Tatu, msiba usiwe na chama. Katika hili mji wetu una urithi mkubwa. Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulifika Bagamoyo, ukiwa umebebwa na Chuma, Susi na wenzao kutoka ndani kabisa ya bara. Marehemu alikuwa Mprotestanti. Mji ulikuwa wa Waislamu. Waliompokea walikuwa mapadre Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika hapa mwaka 1868. Hakuna aliyeuliza maiti ni wa upande gani. Mnara wa kanisa ulipolazwa mwili huo ungalipo, na tunaupita kila siku.

Tunaziomba jumuiya zote, katika mkutano wa juma lijalo, zitaje kwa majina nyumba zilizofiwa ambazo hazijatembelewa kwa sababu ya siasa, ziwe za upande wowote ule. Kisha waende watu wawili wawili, mmoja wa kambi hii na mmoja wa kambi ile. Wasiende kuhubiri. Wakae mkekani, wasikilize.

Mungu awabariki nyote.