MAWAZO YAKIZIDI, MWILI HUUGUA



Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitufundisha vijijini kuchimba vyoo na kujikinga na malaria. Mafunzo hayo yanatufaa hata leo. Lakini upo ugonjwa ambao hatuusemi. Ni ugonjwa unaoletwa na mawazo mengi.

Mfikirie mkulima wa Bunda, jirani na Hifadhi ya Serengeti. Usiku tembo hutoka hifadhini na kula mazao yake. Yeye hukesha shambani akipiga madebe. Mchana usingizi hauji. Anajiuliza, "Watoto watakula nini?" Baada ya majuma machache anakuja zahanati. Kichwa kinamwuma. Moyo unakwenda mbio. Tunampima malaria, hatuoni vijidudu. Watu husema anajisingizia. Sivyo. Anaumwa kweli.

Kwa nini? Juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo. Mtu akiogopa, tezi hizo hutia kemikali katika damu. Moyo hupiga haraka na misuli hukaza. Hilo ni jema ukikutana na tembo, maana hukupa nguvu za kukimbia. Tembo akienda zake, mwili hutulia. Lakini hofu ya kila siku haiondoki, basi mwili nao haupumziki. Usingizi hupotea, kichwa na mgongo huuma, na tumbo huvurugika.

Hata hivyo, si kila maumivu ni mawazo. Wengi husema vidonda vya tumbo huletwa na mawazo. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua bakteria wanaosababisha vidonda vingi vya tumbo. Vina dawa. Kwa hiyo pima kwanza.

Ukipimwa na kuonekana ni mawazo, fanya haya:

1. Mweleze mganga shida yako yote.
2. Zungumza na mtu unayemwamini.
3. Lindeni mashamba kwa zamu, ili kila mtu apate usiku wa kulala.
4. Usitafute usingizi katika gongo. Pombe huongeza mawazo.
5. Usimeze vidonge vya jirani.

Ukiona kifua kinabana, au ukipata wazo la kujiua, usingoje. Nenda zahanati siku hiyo hiyo, na mtu akusindikize.

Sisi waganga nasi tujirekebishe. Tusitoe vidonge vya maumivu tu na kuita mgonjwa mwingine. Tuulize, "Nyumbani kukoje?"

Wazee wangu na kaka zangu wa Musoma, Bunda na Butiama, wengi wetu wanaume huona aibu kusema tumeelemewa. Mimi nasema kusema si udhaifu. Ni mwanzo wa tiba. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua.